Umeuza Mngurumo wa Ngowa

Malindi, 16 Aprili

Kwa Shemeji Kanze, aliyenifungia simu,

Nimepiga mpaka kidole kimeota sugu. Kila nikipiga, yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia hupatikani, na sauti yake ya madaha kana kwamba amenioa. Unapatikana wewe! Juzi tu Idah wa samaki wakavu alikuona hapo Kibarani unanunua viazi, simu iko sikioni, wacheka. Basi sawa. Umenifungia simu, kalamu hujanifungia. Barua hii nampa Idah huyo huyo, kwani huja huko kwenu Kilifi kila wiki na kapu lake. Ikikufikia inanuka ng'onda, usinilaumu mimi. Mlaumu aliyefunga simu.

Na ujue shule niliiachia kidato cha pili, kwa hiyo mahali nilipokosea wewe pita tu, mradi hasira uione.

Haya, tuongee. Umesikia kwamba pikipiki ya Ngowa nimeibadilisha kwa ya umeme, ukanuna kabla hata hujaniuliza. Wa kununa ni mimi! Tangu tumzike kaka yangu ukanikabidhi pikipiki yake niiendeshe huku Malindi, nikuletee hesabu yako kila wiki, mimi nimekuwa mtumwa wa petroli. Kila tarehe kumi na nne ya mwezi nchi nzima tunaganda kwenye redio tukisubiri bei mpya, kama wanafunzi wanaosubiri matokeo, na kila mwezi tunaanguka. Juzi tumeanguka tena. Abiria wa kwanza nambebea petroli, wa pili petroli, wa tatu petroli, wa nne ndiye wako, na wa tano angekuwa wangu kama asingekuwa ni jamaa anayejipapasa mifuko na kusema, "Ala! Pochi nimeisahau nyumbani."

Ulikuwa ukiona hesabu inapungua, ukadhani Dena anakula. Sikuwa nakula, shemeji. Nilikuwa nachoma! Jasho langu na haki yako vyote vilikuwa vinatoka kwa ekzosi.

Ndipo nikaenda kwa Stambuli, yule anayechukua pikipiki kuukuu na kutoa za umeme. Nikampa ya Ngowa, nikaongeza juu yake akiba yangu yote (unajua ilikuwa ya nini, usinifanye niandike), nikatoka na chuma kipya cheusi. Hakina gia, hakina kiki, hakina moshi. Unazungusha mkono tu, kinaondoka kama paka. Pale steji yetu ya bodaboda wananiita Friji. Okoth, dereva mwenzangu, ndiye aliyeanza: "Friji hiyo yaja! Dena, nitolee soda baridi!" Acha waseme. Wao wakipanga foleni ya mafuta juani, mimi nimechomeka plagi chumbani kwangu, nimelala kifudifudi. Na ubavuni nimebandika jina langu kwa herufi za dhahabu: DENA MWENYEWE. Malindi nzima yanijua. Mpaka wazungu wa Casuarina wanageuka.

Kwa hiyo fungua simu uniombe radhi. Hata kwa maandishi nitaipokea.

Ni mimi ninayenukishwa samaki kwa ajili yako,
Dena


Kibarani, 20 Aprili

Dena,

Barua imefika na inanuka kweli. Nimeisomea uani.

Nakujibu kwa karatasi kwa sababu nikikufungulia simu nitakutukana, na Pola siku hizi anaiga kila neno linalotoka kinywani mwangu. Sitaki mtoto wa kaka yako aanze shule na matusi.

Nikuulize. Ngowa tulimzika, tukamlilia. Hanga ivu, yale matanga ya mwisho, hatujayakaa. Wewe ni Mgiriama, au ulizaliwa juzi kwa huyo Stambuli? Kitu cha marehemu hakiuzwi wala hakibadilishwi mpaka siku hiyo wazee wakae, vitu vyake vitolewe uani, vigawiwe mbele ya watu. Shoka lake lipo. Redio yake ipo, haina betri lakini ipo. Kofia yake ya barabarani ipo. Kisichokuwepo ni pikipiki, kwa sababu shemeji yangu alichoka kupanga foleni.

Na kuna la pili, hilo unalijua kunishinda. Mwenzenu wa steji akifa, siku ya hanga ivu mnakuja na pikipiki zote, ya marehemu imetangulia, mnazipiga resi uani mpaka masikio yanaziba, ndipo mjane anavua nguo za msiba. Hivyo ndivyo mlivyomfanyia Kahonzi. Ngowa alilia siku ile. Wewe hukumwona, mimi nilimwona. Akaniambia, "Nami nikienda, wanipigie hivi hivi." Sasa yeye mtampigia nini? Mtambonyezea kitufe?

Pola alikuwa akiusikia mngurumo ule tangu lami, kabla sijausikia mimi, anakimbilia mlangoni. Hata baada ya baba yake kuondoka, wewe ukija nayo Jumapili, bado alikuwa anakimbia. Sikuwa nikimkataza.

Umeuza mngurumo wa Ngowa. Nenda ukamrudishie Stambuli friji yake, na pikipiki ya mume wangu iwe hapa kabla ya hanga ivu. Wazee wamepanga ni Jumamosi, tarehe kumi na sita Mei, kule nyumbani Tezo.

Simu haifunguliwi.

Kanze, mke wa kaka yako, kama umesahau


Malindi, 24 Aprili

Shemeji mkali,

Barua yako nimeisomea steji, nimekaa juu ya chuma, na Okoth naye akaisoma begani kwangu bila ruhusa. Alipofika hapo pa kitufe, alicheka mpaka akakaa chini. Sasa kila nikipita wananiuliza, "Mwenyewe, leo umebonyeza?" Ahsante sana.

Kwa Stambuli nimekwenda. Nilimkuta na kahawa yake, nikamwambia nataka pikipiki ya kaka yangu. Akanitazama kama ninayedai anirudishie jua la jana. "Mwanangu, ile haikukaa hapa. Imechukuliwa na mtu wa Ngomeni." Nikaenda Ngomeni. Shemeji, nilikwenda! Usiseme Dena ni mdomo mtupu.

Nimeiona. Sijui nikuandikie vipi. Fremu yake iko nyuma ya choo, haina magurudumu, kuku wanalala juu ya kiti. Injini ameing'oa, akaifunga kwenye pampu ya kuvutia maji kwenye mashimo ya chumvi. Nilipofika ilikuwa kazini. Niliisikia kabla sijaiona, kwa mbali, kile kikohozi chake cha kuwaka halafu ule mngurumo. Chumvi ya Ngomeni inachoma macho vibaya sana, nakwambia. Mtu yeyote akisimama pale macho yanatoka maji, hata mwenye pampu yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kama anauza. Akasema, "Siuzi. Injini nzuri hii, aliyekuwa nayo aliitunza." Nikamwambia najua. Nikaondoka.

Kwa hiyo hairudi. Nikate kichwa basi.

Na usidhani huku nastarehe. Mwenye nyumba wangu, Bi Shekha, ametangaza vita. Mita ni moja, sisi wapangaji tunachangia tokeni, na sasa taa ikififia ni Dena, feni ikisita ni Dena. Jana amesimama uani na buibui lake, mikono kiunoni: "Wewe kijana! Umepanga chumba au umepanga kituo cha mafuta? Hiyo mashine inaninyonya kama kupe!" Nikamjibu kwa adabu zote, Bi Shekha, shikamoo, kwani lile friza lako la barafu za ubuyu linakunywa maji? Hapo ndipo alipouchomoa waya wangu, akauzungusha mkononi kama mjeledi.

Sasa betri naibeba mgongoni kama mtoto mgonjwa, nazunguka mtaani kutafuta mtu mwenye soketi na huruma. Nimempata Ridhwan kinyozi peke yake, naye ana sharti lake: soketi za kinyozi ni za wanaonyolewa. Kila nikitaka chaji lazima ninyoe. Nina upara, shemeji! Nikipita juani nang'aa kuliko ile dhahabu ya ubavuni.

Lakini siirudishi. Na hesabu yako ya wiki hii imefika nzima, mara ya kwanza tangu Krismasi. Mbona hilo hukuliandika?

Ni mimi mwenye upara,
Dena Mwenyewe


Tezo, 29 Aprili

Kwa mwanangu Dena,

Pokea salamu za baba yako mkubwa. Huku Tezo sote tu wazima isipokuwa miguu yangu.

Nimeelezwa na watu watokao Malindi kwamba umejinunulia pikipiki ya umeme, na jina lako liko ubavuni kwa dhahabu. Hongera sana. Chombo kisicho na kelele ni jambo geni kwako.

Habari hii imeturahisishia kazi. Pikipiki ya marehemu Ngowa haipo tena, na hii iliyopo ni yako. Kwa hiyo siku ya hanga ivu hakuna la kugombaniwa. Kanze amekuwa akisema ana pikipiki inayomlisha yeye na mtoto, kwa hiyo aachwe akae Kibarani kwa kujitegemea. Sasa hana cha kusimamia. Atarudi hapa Tezo, akae chini ya mji wetu, boma la ukoo, kama wajane wengine. Ukitaka kumrithi, wewe ndiye wa kwanza. Usipotaka, vijana wangu wapo. Mtoto atalelewa na mji.

Siku hiyo nitakuuliza mbele ya wazee pikipiki ni ya nani. Wewe utajibu kama ulivyoandika ubavuni, basi.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Mwaringa


Kibarani, 3 Mei

Dena,

Baba yako mkubwa Mwaringa amekuja hapa. Amekaa kwenye kiti cha Ngowa, amekunywa chai yangu, kisha akaniambia nianze kufunga vyombo. Ati Pola ataanza shule Tezo. Ati kazi yangu ya kufua mashuka kule hotelini Bofa niiache, kwa kuwa mjane wa mji wao halali peke yake mjini. Nilipotaja pikipiki, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Pikipiki ipi? Ile ni ya Dena. Kaandika mwenyewe." Nikamuuliza, kwani wewe umeiona? Akasema Malindi nzima imeiona.

Unajua ulichokifanya?

Nilikuandikia habari za mngurumo, na za mngurumo ni kweli. Lakini nyingine hii niliona haya kukuandikia. Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa ikiniongelea mbele yao. Ilikuwa inasema, huyu mwanamke ana chake, mwacheni. Nilitaka itolewe uani, ingurume mpaka wazee wazibe masikio, halafu nisimame niseme: hiki ni changu na Pola, na mimi sirithiwi na mtu. Wewe ukaenda ukaibadilisha, na mpya ukaibandika jina lako ili wazungu wa Casuarina wageuke.

Usiniandikie ya Bi Shekha. Usiniandikie ya upara. Nijibu kitu kimoja tu. Siku hiyo ukiulizwa, utasema nini?

Kanze


Malindi, 7 Mei

Shemeji,

Kwanza ungemwambia baba mkubwa kwamba kiti cha Ngowa kina mguu mbovu. Au ungemnyamazia tu akaenda chini, tungecheka sote.

Pili, mbona unanihoji kama hakimu? Wewe waandika ya Ngowa, baba mkubwa aandika ya mji. Mimi nikiandika yangu, tena ubavuni tu, sikuandika kwenye paji la uso wa mtu, nimekuwa mwizi. Chuma hiki nusu yake ni pikipiki ya kaka yangu na nusu yake ni jua la Malindi lililonipiga utosini miaka mitatu. Ile akiba ilikuwa ya kwenda kumposa Priscilla. Umenifanya niandike, haya, nimeandika. Na Priscilla amechoka kusubiri. Juzi nimemwona amepanda kwa Okoth, amemshika kiuno, wakati mtu huwa anashika chuma cha nyuma.

Ati nikurithi! Mimi? Toba! Utanifungia simu hata nikiwa ndani ya nyumba.

Kuhusu kelele usitie shaka. Steji nzima inakuja Tezo, watanguruma wao. Mimi nitakuwa mbele kabisa, nimepiga pasi, upara unameta, chuma kimeoshwa. Hutanikosa.

Kuhusu swali lako, tutaonana huko huko.

Dena


Kibarani, 19 Mei

Dena,

Nilisema nisubiri hasira zipungue ndipo niandike. Hazikupungua, naandika nazo.

Tuanze na kufika kwako. Wazee wamekaa tangu asubuhi. Sisi akina mama tumepanga vitu vya Ngowa juu ya mkeka, shoka, redio, kofia. Tukasikia mngurumo barabarani, watu wakasimama, Okoth huyo anaingia mbele ya wenzake. Na nyuma ya Okoth, umefungwa kwa kamba kama mbuzi wa mnada, ni wewe. Miguu umeinyoosha, shingo umeikaza, unatazama mbele kana kwamba ndivyo ulivyopanga. Watoto walianguka kwa kicheko. Ukawaambia watu kwamba Bi Shekha alichomoa waya. Okoth ameniambia kweli. Betri ulitoka nayo imejaa. Asubuhi ile ile ulizunguka Malindi yote ukibeba watu bure ili waione dhahabu yako, ikakuzimikia njiani, Matsangoni.

Halafu zikanguruma. Nilimshika Pola. Hapo sitaandika.

Halafu baba yako mkubwa akauliza, "Dena, pikipiki hii ni ya nani?"

Na wewe, ambaye kinywa chako hakijapata kufungwa tangu nilipoolewa kwenu, ukanyamaza. Nikakutazama. Okoth akakutazama. Hata mpishi aliacha sufuria akaja na mwiko kutazama. Mwisho ukainama ukaokota jiwe, ukaanza kukwangua jina lako. Unakwangua tu, dhahabu inadondoka kwenye mchanga na rangi nyeusi nayo inatoka. Ndipo ukasema, "Ni ya Kanze. Mimi ni dereva wake." Steji yako yote ikapiga mluzi. Nami nikapata pa kukanyaga, nikasimama, nikasema yangu yote, na baba yako mkubwa akaomba maji ya kunywa.

Unangoja nikushukuru. Ngoja sana.

Kwa nini ulinyamaza? Neno lilikuwa moja. Muda wote ule nimesimama na mtoto wangu mbele ya watu, nyumba yangu na kazi yangu na shule yake vinaning'inia kwenye ulimi wako, nawe unatafuta jiwe! Hilo ndilo linaloniamsha na hasira. Sitaki tena kusubiri kinywa cha mtu. Si cha baba yako mkubwa, si chako.

Kwa hiyo dereva simtaki. Nitaiendesha mimi. Nyumba hii ina mita yake, tokeni nanunua mwenyewe, itachajiwa sebuleni kwangu na hakuna wa kuchomoa waya. Ilete, na waya wake, na ufunguo. Unifundishe, halafu urudi Malindi.

Kanze


Malindi, 23 Mei

Kwa mwajiri wangu,

Nimefutwa kazi kabla ya mshahara wa kwanza! Hata mahotelini hawafanyi hivyo.

Unataka kujua kwa nini nilinyamaza. Nitaandika mara hii moja, usinirudishe tena hapo. Nilikuwa nangoja mtu mmoja aseme, "Na Dena ametia chake." Mmoja tu. Wewe ulikuwa unajua. Okoth alikuwa anajua. Mlikuwa mmekodolea macho kinywa changu, na hakuna aliyefungua chake. Nilipoona hakuna, nikaokota jiwe. Nilikwangua kwa hasira, shemeji, sio kwa wema, usije ukanihadithia kwa watu kama malaika. Nilikuwa nakukasirikia wewe kuliko baba mkubwa. Yeye angalau aliniuliza.

Na nikiwa nakwangua nikawaza, Ngowa angekuwepo angesema, "Kwangua upesi, pumbavu, shemeji yako amesimama juani." Basi nikaongeza kasi.

Nakuja Jumapili, tutafundishana pale uwanja wa shule. Sikiliza, maana uwanjani utakuwa unapiga kelele hutasikia. Breki ya mbele usiibane peke yake, itakutupa. Kwenye mchanga usikate kona kwa ghafla. Na kubwa kuliko yote, usingoje sauti. Inakuwa imewaka na husikii kitu. Mimi wiki ya kwanza nilidhani imezima, nikashuka, nikagusa mkono wake, ikaniacha ikaenda ikabisha hodi kwa Bi Shekha. Ndiyo chanzo cha vita vyote, ila sikukwambia.

Mlango wake nimeulipia.

Na kamba ya Okoth naileta. Utaihitaji.

Dena, asiye mwenyewe


Kibarani, 2 Juni

Dena,

Mwalimu mbaya kama wewe sijaona. Mtu anaanguka mchangani, badala ya kumwinua unainama kuangalia kama pikipiki imeumia!

Lakini naenda. Alfajiri nampeleka Pola kwa jirani, kisha Bofa kazini, na jioni narudi na wenzangu wa dobi, mmoja leo, mwingine kesho, wanalipa kama wanavyowalipa nyinyi. Usiku mashine inakula umeme wake pale kando ya kiti cha Ngowa. Baba yako mkubwa alipita juzi, akaiona, akakataa chai.

Pola bado anakimbilia mlangoni. Nilimuuliza, mwanangu, wasikia nini, mbona haina sauti? Akasema anasikia mchanga ukilia chini ya gurudumu. Mimi sisikii.

Sasa nisome vizuri, kwa sababu sitarudia nami. Na Dena ametia chake. Nilijua, na pale uani nilinyamaza, kwa kuwa niliogopa nikitaja cha kwako watasema basi yote ni yako. Nilipaswa kusema. Siku utakapopata mwanamke wa kukuvumilia, kibuyu cha mnazi wa posa nitakibeba mimi, kwa pikipiki hiyo hiyo, mpaka kwao, na nitawaambia wazee wao nani aliinunua.

Hasira zimebaki kidogo. Hizo nazitunza.

Kanze


Malindi, 16 Juni

Shemeji Kanze,

Juzi kumi na nne imepita, umesikia redio? Wewe utasikiaje, siku hizi petroli kwako ni habari za nchi za mbali! Imepanda tena. Mimi nimekodi kwa Okoth pikipiki yake ya zamani, ile inayokunywa kama mlevi wa harusini, na Okoth anataka chake kila jioni huku Priscilla amekaa pembeni yake anamenya machungwa. Nachoma tena. Jasho langu limerudi kwa ekzosi kama lilivyokuwa.

Lakini siandiki kwa sababu ya hayo. Naandika kwa sababu jana nimeletwa Kilifi na abiria, mafuta yakaniishia, nikapanga foleni pale kituoni. Foleni imefika barabarani. Jua la saa kumi, upara bado haujaota nywele vizuri, kila mmoja anawasha kusogea hatua moja, anapiga resi, anatukana. Mbele yangu mzee na jerikeni, nyuma yangu kijana anayenisukuma na gurudumu lake. Ndipo nikakuona. Umekaa wima, kofia ya Ngowa kichwani, leso imebanwa vizuri isipepee, na nyuma umembeba mwanamke mwenye mfuko wa mashuka. Ubavuni bado mikwaruzo ya jiwe langu. Umenipita hapo hapo, ningenyoosha mkono ningekugusa. Nikaita, "Shemeji!" Foleni nzima wakageuka. Wewe hukugeuka.

Sawa, umenishinda. Nimekupa chuma, nimekufundisha, nimekwangua jina langu kwa mkono wangu mwenyewe mbele ya Okoth. Unaniona nimesimama juani kama kigingi, nasubiri kuchoma, nawe unapita kama mtu asiyenijua, kimya! Ngowa hakuwahi kunipita barabarani hivyo, hata siku tulizogombana.

Angalau ungepiga honi.

Dena


Kibarani, 19 Juni

Dena,

Nilipiga honi. Nilipiga mpaka mwenzangu aliyekuwa nyuma akaziba masikio. Nyinyi pale foleni mnanguruma hamsikii kitu.

Jumapili uje, betri itakuwa imejaa. Utaiendesha wewe mpaka saa ya kurudi kwenu, na simu nitakufungulia ukifika.

Kanze